Nauli ya Peni Mbili: Maswali Yenu Kuhusu Kijiji Kilichogeuka Kiunga cha London

Barua tulizochagua safari hii zinatoka Kigoma, Ujiji na Tabora, na zote zinahusu Walthamstow, kijiji cha kaunti ya Essex kaskazini-mashariki mwa London. Katika toleo lililopita tulikitaja kwa aya moja tu: mwaka 1801 kilikuwa na watu wapatao 3,000, mwaka 1901 walikuwa zaidi ya 95,000, na leo ni sehemu ya London. Aya ile imezaa maswali mazuri.

Shikamooni. Kitabu chetu kinasema reli ndiyo iliyogeuza vijiji vya Uingereza kuwa viunga vya miji. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, mbona vijiji vingi vya kando yake vimebaki vijiji? Kuna jambo gani jingine?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mwanga, Kigoma*

Marahaba, mwanetu. Reli ni sababu ya kweli, lakini peke yake haikutosha hata huko kwao. Angalia miaka. Stesheni ya Lea Bridge, pembeni kabisa mwa Walthamstow, ilifunguliwa mwaka 1840. Kama reli peke yake ingetosha, watu wangefurika tangu muongo huo. Hawakufurika. Sensa ya 1851 ilikuta wakazi wasiofika 5,000. Palikuwa bado ni mahali pa mashamba, malisho ya kando ya mto Lea na majumba ya matajiri wa London waliopenda hewa ya shamba. Mshairi na msanii William Morris alizaliwa huko mwaka 1834 katika familia ya namna hiyo, baba yake akiwa mtu wa fedha mwenye shughuli zake mjini.

Kilichobadilisha mambo kilianzia bungeni. Mwaka 1864 kampuni ya reli ya Great Eastern iliomba ruhusa ya kuingiza njia yake hadi Liverpool Street, katikati ya London. Ili njia ipite, nyumba nyingi za maskini zilipaswa kubomolewa. Bunge likakubali kwa sharti: kila siku kampuni iendeshe treni ya wafanyakazi kati ya mjini na Walthamstow, na nyingine ya Edmonton, kwa nauli isiyozidi peni moja kwenda na peni moja kurudi. Wakati huo shilingi moja ilikuwa na peni 12, kwa hiyo kwenda na kurudi kuligharimu sehemu ya sita ya shilingi. Njia ya tawi ilifika Walthamstow mwaka 1870. Njia ya moja kwa moja kupitia Clapton ikafuata mwaka 1872, na stesheni ya Liverpool Street ikafunguliwa mwaka 1874.

Baada ya hapo hesabu zinajieleza. Mwaka 1881 watu walizidi 21,000. Mwaka 1891 walizidi 46,000. Mwaka 1901 walizidi 95,000. Kila miaka kumi idadi ilikuwa ikijizidisha mara mbili, na waliokuja walikuwa maseremala, wachapaji, wapakiaji mizigo na makarani wa chini, watu ambao nauli ya kawaida ingewamalizia mshahara.

Ushahidi mwingine uko kwa kampuni yenyewe. William Birt, meneja mkuu wa Great Eastern, alipohojiwa na tume ya serikali ya makazi ya wafanyakazi katika miaka ya 1884 na 1885, alilalamika kwamba treni za bei nafuu zilikuwa zimewakimbiza wapangaji wa hali ya juu kutoka Tottenham, Edmonton na Stamford Hill. Kwenye njia ya Ilford kampuni ilizibana treni hizo, na Ilford ikajaa makarani na familia za kipato cha kati. Kampuni ni ileile na jiji ni lilelile, ila viunga vikawa viwili tofauti. Kwa hiyo ukiandika insha yako, andika kwamba reli ilifungua njia, na nauli ikaamua nani apite.

Nauli hiyo ilikuwa na adha zake. Tiketi za wafanyakazi zilitumika kwenye treni za alfajiri tu, na mtu ambaye kazi yake ilianza saa mbili asubuhi alijikuta mjini kabla ya saa moja, hana pa kukaa, barabarani kwenye baridi na mvua. Walioumia zaidi ni wasichana wa viwanda vya kushona. Kanisa la All Hallows la London Wall, karibu na Liverpool Street, likawa linafungua milango mapema ili wapate pa kujisitiri.

Mimi ni msaidizi wa mpima ardhi hapa Gungu. Naomba mnieleze hatua kwa hatua: shamba la mtu huko Uingereza lilifikaje kuwa mtaa wa nyumba zilizoshikana? Vipimo vilikuwa vipi, na waliharibu wapi?
*Msomaji, Gungu, Kigoma*

Jambo la kwanza ni kujua kwamba hapakuwa na mchoro mmoja wa mji mzima. Kila shamba lilikatwa peke yake, kwa wakati wake, mara nyingi baada ya mwenye jumba kubwa kufariki na warithi kuona kwamba viwanja vinalipa kuliko ng'ombe. Ndiyo maana ukitazama ramani ya Walthamstow utaona mitaa iliyonyooka inayopinda ghafla au kuishia ukutani bila sababu ya kuonekana. Penye kona hiyo palikuwa na mpaka wa shamba. Mpimaji wa upande huu hakuzungumza na mpimaji wa upande ule.

Mwenye ardhi au kampuni iliyonunua ilimpa mpimaji kazi ya kuchora barabara moja au mbili kutoka njia ya zamani hadi mwisho wa shamba, na kukata viwanja vyembamba pande zote mbili. Kwa nyumba za wafanyakazi upana wa mbele ulikuwa kwa kawaida futi 15 hadi 18, yaani mita 4.6 hadi 5.5. Ukipunguza upana unapata nyumba nyingi zaidi kwa kila mita ya barabara na bomba, na hapo ndipo faida ilipokuwa.

Mchoro ulipelekwa kwa halmashauri ya mji. Walthamstow ilipata ya kwake mwaka 1873. Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 iliziwezesha halmashauri kutunga sheria ndogo za ujenzi, na mwaka 1877 serikali kuu ilitoa mfano wa kunakili. Humo barabara ya magari ya farasi yenye urefu unaozidi futi 100 ilitakiwa iwe na upana wa futi 36, karibu mita 11, na kila nyumba iachiwe nyuma uwazi usiopungua futi za mraba 150, karibu mita za mraba 14. Mitaa mingi ya viunga vya Uingereza inafanana kwa sababu wajenzi walijenga kwa kiwango cha chini kabisa kilichoruhusiwa, wakaishia hapo.

Kisha viwanja viligawiwa kwa wajenzi wadogo. Mara nyingi mjenzi hakununua ardhi. Alikodishwa kwa miaka 99, akajenga kwa pesa yake au ya mkopo, akalipa kodi ya ardhi kila mwaka, na muda ukiisha nyumba inarudi kwa mwenye ardhi. Mjenzi wa namna hiyo alichukua viwanja vinne au sita kwa mkupuo. Ukitembea kwenye mtaa kama huo utaona tofali au nakshi za mlangoni zikibadilika kila baada ya nyumba chache. Hapo mjenzi mmoja alimaliza au alifilisika, mwingine akaendelea. Familia ya Warner ilikwenda kinyume na desturi hiyo: ilijenga kwenye ardhi yake yenyewe kuanzia miaka ya 1880, ikabaki na nyumba na kuzipangisha. Nyumba zao nyingi ni za familia mbili, moja chini na moja juu, kila moja na mlango wake wa mbele, milango miwili ikiwa pamoja chini ya tao moja. Ni kazi nzuri hadi leo, na tunadhani sababu ni hiyo: aliyejenga ndiye aliyepaswa kuzikarabati.

Waliharibu wapi? Kwanza ni majitaka. Nyumba zilitangulia, bomba kuu likafuata. Mashimo yaliyofaa kwa kaya chache yalipozungukwa na kaya mia, maji ya visima yaliharibika. Pili ni barabara. Mjenzi aliacha udongo mtupu, na halmashauri ilipokuja kuweka mawe na mifereji iliwatoza wenye nyumba kwa urefu wa upande unaopakana na barabara. Wa kiwanja cha pembeni alilipa kwa pande mbili na malalamiko hayakuisha. Tatu ni kodi. Nyumba ya bei ndogo huleta kodi ndogo ya majengo, lakini ina watoto wengi wanaohitaji shule. Viunga vya wafanyakazi vilikuwa na mzigo mkubwa wa madarasa na mapato kidogo, wakati ofisi na maghala waliyofanyia kazi wazazi wa watoto hao yalikuwa yanalipa kodi mjini.

Kwa kazi yako hapo Gungu, kipimo cha kuangalia kwanza ni kile cha barabara zinazotoka kwenye eneo moja kuingia jingine. Urasimishaji wa makazi mara nyingi hufanywa mtaa kwa mtaa, na mpaka wa kazi moja ukifungwa na viwanja bila njia ya kupenya, kosa hilo la Walthamstow litabaki kwenye ramani muda mrefu kuliko nyumba zenyewe.

Je, wenyeji wa zamani walipoteza nini?
*Muuza mawese, soko la Mwanga*

Mama, walipoteza malisho kwanza. Mashamba ya wazi na ardhi za pamoja za Walthamstow ziligawanywa mwaka 1850, kabla hata ya treni za bei nafuu. Mwenye ardhi kubwa alipata fungu kubwa, na mwenye haki ya kulisha ng'ombe mmoja tu alibaki na kipande kidogo au fidia kidogo. Ardhi iliyokuwa na haki za watu wengi juu yake ikawa ya mtu mmoja mwenye karatasi, na ardhi ya namna hiyo inauzika haraka. Bila hatua hiyo viwanja visingepatikana kwa wepesi ule.

Kando ya mto Lea kampuni ya maji ya East London ilichimba mabwawa makubwa kati ya mwaka 1853 na 1904. Jirani hapo, Leyton, mnamo Agosti 1892 wenyeji waliing'oa reli ya vifaa na uzio ambao kampuni hiyo iliweka kwenye malisho yao, na wakashinda. Msitu wa Epping nao ulinusurika kwa sheria ya 1878 iliyouweka chini ya uangalizi wa Jiji la London baada ya wenye haki za kulisha na kukata kuni kupigania haki hizo mahakamani. Funzo ni lilelile katika visa vyote viwili: walioshinda walikuwa na haki iliyoandikwa au iliyothibitishwa kwa matumizi ya mfululizo, na waliidai kabla nyumba hazijasimama.

Upande wa biashara kulikuwa na faida. Soko la barabara ya High Street lilianza mwaka 1885, likafikia urefu wa karibu kilometa moja, na bado lipo.

Kwa nini sehemu ya kale ya Walthamstow bado ipo wakati jiji limeizunguka pande zote? Hapa Ujiji watu wanauliza kama mji wetu wa kale utaweza kubaki.
*Mwenyekiti wa mtaa, Ujiji*

Mheshimiwa mwenyekiti, hili ndilo swali tulilolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu la Walthamstow linafanana na la kwenu kwa namna ya kushangaza.

Walthamstow haikuwa kijiji kimoja kilichokusanyika. Ilikuwa parokia yenye vikundi vya nyumba vilivyotawanyika: Church End kilimani penye kanisa la Mtakatifu Maria, Hoe Street, Marsh Street, Wood Street, Chapel End, Hale End, Higham Hill. Kanisa lilianzishwa karne ya 12. Pembeni yake George Monoux, aliyekuwa meya wa London, alijenga mwaka 1527 shule na nyumba za wazee wasiojiweza. Mwaka 1730 ikajengwa nyumba ya maskini wa parokia, ambayo tangu 1931 ni makumbusho ya Vestry House. Mbele ya kanisa kuna nyumba ya fremu za mbao ya karne ya 15. Hicho kilikuwa kiini.

Stesheni kuu haikuwekwa hapo. Ilijengwa Hoe Street, umbali wa kutembea dakika chache kuteremka kilima. Maduka, benki na soko vikaifuata stesheni, na Marsh Street ikapewa jina la High Street. Thamani ya viwanja ikapanda kule, na Church End ikaachwa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kubomoa nyumba ya wazee ya mwaka 1527 ili ajenge duka ambalo wateja wake wanapita barabara nyingine. Miaka ya 1960, walipokuja watu wa uhifadhi, walikuta kiini cha kale kimebaki kwa sababu biashara ilikuwa imehama.

Sasa Ujiji. Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta Ujiji ni bandari na soko, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871 mji ulikuwa na sehemu zake za Kawele na Ugoy. Kigoma wakati huo ilikuwa ghuba jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa Tanganyika lilivunja kizuizi kwenye mto Lukuga upande wa magharibi na kina chake kikashuka kwa karibu mita 10 katika miaka iliyofuata, ufuko wa Ujiji ukarudi nyuma. Wajerumani walipoleta reli walichagua ghuba ya Kigoma yenye maji ya kina na kinga ya upepo. Reli ikafika huko mwaka 1914. Biashara ikafuata stesheni na bandari, na Ujiji ikabaki na misikiti yake, mitaa yake iliyopandwa miembe na nyumba zake, kilometa chache kusini.

Kwa hiyo Ujiji imelindwa kwa miaka mia moja na jambo lilelile lililolinda Church End. Lakini kinga hiyo inafanya kazi tu wakati viwanja vya eneo hilo havina bei. Siku barabara ya lami, huduma na vyombo vya usafiri vinapofanya Ujiji iwe mahali rahisi pa kuishi kwa anayefanya kazi Kigoma, kiwanja cha nyumba ya zamani kinakuwa na bei kuliko nyumba iliyo juu yake. Walthamstow ilifika hapo, na kilichookoa ni sheria. Tangu mwaka 1967 halmashauri za Uingereza zinaweza kutangaza eneo zima kuwa la hifadhi, si jengo mojamoja. Tofauti hiyo ni kubwa kwenu: ukilinda jengo la kumbukumbu ya Livingstone peke yake, mtaa unaolizunguka unaweza kubadilika wote bila mtu kuvunja sheria yoyote. Katika mpango kabambe wa manispaa, ombeni mipaka ya eneo ichorwe kwa mitaa, na masharti yahusu urefu wa majengo, mstari wa mbele wa nyumba na miti mikubwa.

Nimeanza kusoma historia ya vijiji vya Uingereza kwa ajili ya somo langu. Nyaraka zao ni nyingi mno. Nianzie wapi, na mitego iko wapi?
*Mwalimu wa historia, Tabora*

Mwalimu, anza na ramani, halafu sensa, halafu maandishi mengine. Watu wengi huanza na kitabu cha mwaka 1086, ile hesabu ya ardhi ya mfalme William, kwa sababu ni ya kale na inapendeza kuitaja. Walthamstow imo, ikiwa mali ya Judith, mjane wa Waltheof, bwana mkubwa wa Kiingereza. Ila kitabu kile kinahesabu wakuu wa kaya, majembe ya kukokotwa na ng'ombe na malisho kwa ajili ya kodi. Ukikichukulia kama sensa ya watu utapotoka.

Ramani za zaka ndizo zenye faida kubwa kwa mtu anayetaka kuona kijiji kabla ya mji. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao, yaani sehemu ya mavuno iliyotolewa kwa kanisa, kuwa malipo ya fedha, na ili kugawa malipo hayo sehemu kubwa ya nchi ilipimwa katika miaka ya 1830 na 1840. Kila kipande kina namba, na daftari lake linataja mwenye ardhi, anayeitumia, jina la kipande, matumizi na ukubwa. Ukubwa umeandikwa kwa ekari, rudi na pechi: pechi 40 ni rudi moja, rudi nne ni ekari moja, na ekari moja ni karibu hekta 0.405. Mtego ni kusoma safu hizo tatu kama namba ya desimali. Ekari 3, rudi 2, pechi 20 si 3.22. Fanya hivi: gawa pechi kwa 160, gawa rudi kwa 4, jumlisha zote na ekari. Utapata 3.625.

Sensa ilianza 1801 na hufanyika kila miaka kumi. Majina ya watu wote yanapatikana kuanzia ile ya 1841. Hiyo ya 1841 inahitaji uangalifu, maana umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi kizidisho cha tano kilicho chini yake: mtu wa miaka 39 aliandikwa 35. Uhusiano ndani ya kaya na parokia ya kuzaliwa vinaonekana kuanzia 1851, na safu ya mahali pa kuzaliwa ndiyo itakayokuonyesha uhamiaji. Ukiwaorodhesha wakazi wa mtaa mmoja wa mwaka 1891 kwa walikozaliwa, utaona wangapi walitoka London yenyewe na wangapi walitoka vijiji vya Essex na Suffolk. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliungua mwaka 1942 na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo kati ya 1921 na 1951 tumia rejesta ya kitaifa ya Septemba 1939.

Mtego mkubwa kuliko yote ni mpaka. Jina moja linaweza kuwa parokia ya kale, wilaya ya mji, au eneo la posta, na kila moja ina ukubwa wake. Walthamstow ilikuwa wilaya ya mji kuanzia miaka ya 1890, manispaa mwaka 1929, na mwaka 1965 iliunganishwa na Leyton na Chingford kuwa Waltham Forest. Ukilinganisha idadi ya watu kabla na baada ya 1965 bila kuangalia mpaka, utaona ukuaji ambao haukuwapo.

Ramani za Ordnance Survey, idara ya upimaji na ramani ya Uingereza, nazo zina miaka miwili, wa kupima na wa kuchapa, na mara nyingine imepishana kwa miaka kadhaa. Mtaa usioonekana kwenye ramani iliyochapwa 1896 huenda ulikuwa umeshajengwa. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka nyingi kwenye mtandao bila malipo, na unaweza kuzipandisha juu ya picha ya satelaiti ya leo. Namba za nyumba zilibadilishwa mara kwa mara mtaa ulipokuwa unarefuka, basi usimfuatilie mtu kwa namba ya nyumba. Mfuatilie kwa majirani wake na kwa kona za barabara.

Reli ya SGR inajengwa kutoka Tabora kwenda Kigoma. Je, vijiji vitakavyopata stesheni vitakuwa viunga?
*Msomaji, Ng'ambo, Tabora*

Stesheni ya treni ya masafa marefu huleta magulio, nyumba za wageni, maghala na bei ya viwanja. Kiunga ni jambo jingine. Kinahitaji mtu aweze kwenda kazini na kurudi kulala kwake kila siku bila kumaliza mshahara. Walthamstow iko karibu kilometa 11 kutoka katikati ya London. Mwaka 1920 kampuni ya Great Eastern iliongeza huduma kwenye njia za Chingford na Enfield, na nyakati za msongamano treni 24 kwa saa zilikuwa zikiondoka Liverpool Street kwenda huko, zote zikivutwa na injini za mvuke. Chingford ni mwisho wa njia inayopita Walthamstow. Linganisha na reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912, na treni zake za abiria ni za safari chache kwa wiki.

Ukitaka kubashiri, uliza mambo matatu kuhusu kila stesheni: treni ngapi kwa siku zitasimama hapo asubuhi na jioni, nauli ya mwezi ni sehemu gani ya mshahara wa kibarua, na stesheni iko umbali gani na mahali kazi zilipo. Kwa Tabora na Kigoma tunaamini viunga vitaendelea kufuata daladala, bajaji na bodaboda. Angalia barabara yenye nauli ndogo kuliko zote kutoka sokoni, mfuate dereva hadi mwisho wa njia, na hapo ndipo viwanja vinapokatwa sasa hivi. Hata Walthamstow, tramu za halmashauri zilizoanza mwaka 1905 zilijaza nafasi ambazo treni ilikuwa imeziruka.

Sisi ni kikundi cha vijana wa Ujiji. Tunataka kuandika historia ya mtaa wetu kabla wazee hawajaondoka. Hatuna ramani za zaka wala sensa za majina. Tufanyeje?
*Kikundi cha vijana, Ujiji*

Anzeni na vitu visivyohama: misikiti ya zamani, makaburi, visima, miembe mikubwa na njia zinazoteremka ziwani. Pigeni kila kimoja alama kwa GPS ya simu, mkisubiri dakika moja au mbili mpaka namba zitulie, na msisimame chini ya mwembe wenyewe kwa sababu matawi huvuruga ishara. Ufuko wa ziwa msiutumie kama mpaka wa kale. Ulishuka karne ya 19, umepanda na kushuka tena, na katika miaka ya karibuni maji yameongezeka hadi kuingia kwenye makazi. Mzee akisema nyumba ya babu yake ilikuwa hatua hamsini kutoka majini, mwulizeni ilikuwa karibu na mti gani.

Pili, tengenezeni daftari lenye safu kama zile za ramani za zaka: namba ya kiwanja, anayeishi, aliyeishi kabla yake, jina la eneo linavyotajwa na wazee, matumizi ya zamani, na chanzo cha habari. Safu ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama kazi yenu itaaminika. Msiulize mwaka moja kwa moja. Ulizeni kama jambo lilitokea kabla au baada ya tukio linalojulikana: vita vya Wajerumani na Wabelgiji, uhuru wa 1961, vijiji vya ujamaa. Habari moja isikike kwa wazee wawili wasiokaa pamoja ndipo muiandike bila alama ya kuuliza.

Tatu, tafuteni ramani rasmi za kipimo cha 1:50,000 na picha za anga za zamani kwenye ofisi za ardhi na upimaji, na faili za ukoloni kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nendeni na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au shule, na mtaje jina la zamani la eneo pamoja na la sasa, maana faili nyingi zimewekwa kwa majina ambayo hayatumiki tena. Sensa zetu za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zitawapa idadi, lakini kata za manispaa zimegawanywa mara kadhaa. Andikeni mpaka wa kata kwa mwaka wa kila sensa kabla ya kulinganisha.

Daftari likijaa, toeni nakala tatu. Moja ibaki ofisi ya kata, moja maktaba ya shule, na ya tatu iwe kwa familia iliyotoa habari nyingi zaidi, kwa sababu makosa yatakayogunduliwa baadaye yatagunduliwa na wao.